Ulimi wa Mdogo Wangu

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla hujanisoma, basi shika haya machache. Mimi ni mkuu wa kaunta ya vinywaji katika hoteli yenye ngazi nyingi na lifti mbovu. Ule mvinyo mchungu unaosifiwa pale, wageni wanaouagiza kabla ya kula ili tumbo lichangamke, ni kazi ya mikono yangu. Homa ilinilaza, nikapona, ila iliondoka na kitu kimoja. Chumvi naisikia, sukari naisikia, ndimu inanikunja uso kama zamani. Uchungu siusikii hata chembe. Nipe kidonge cha malaria nikitafune, kwangu ni chaki.

Mtu mmoja tu alijua siri hiyo: mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye chumba cha kufulia mashuka nikamweka kando yangu kaunta. Yeye ndiye aliyekuwa akinionjea.

Leo nawaambia alivyonimaliza. Nitasema kwa hasira kwa sababu nina hasira, na asiyetaka kelele afungue ukurasa wa michezo.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Nachukua mvinyo mweupe wa kawaida, namimina kwenye mtungi wa kioo, natia maganda ya machungwa, mdalasini, mizizi michungu na gome la mkwinini. Naunguza sukari mpaka iwe kahawia, nayo inaingia humo. Kisha nasubiri. Kwenye kusubiri ndiko kwenye kazi, maana gome halina saa. La mti huu linatoa uchungu upesi, la mti ule linajivuta, na ukilisahau humo ndani linaua mtungi mzima. Lazima uonje kila siku, na siku uchungu ukifika pake, gome unalitoa hapo hapo.

Sasa mtu asiyesikia uchungu atajuaje umefika pake?

Ndiyo maana tulikuwa na ishara zetu. Mdogo wangu anaonja kijiko akiwa amewapa wageni mgongo, kisha ananigeukia. Akishika sikio, mvinyo uko sawa. Akishika shingo, una kasoro. Hakuna aliyewahi kutushtukia. Wageni walidhani ni dada wawili wanaowashwa.

Basi siku moja Bi Mkubwa, mwenye hoteli, akashuka kaunta na bangili zake zinagongana.

"Jumamosi tuna mgeni," akasema. "Ana mahoteli kila mahali na anautaka mvinyo wetu kwenye yote. Anajenga nyumba nzima ya kuutengenezea. Aliyeutengeneza ndiye atakayekuwa mkuu wa nyumba hiyo. Sasa nimwambie mtengenezaji ni nani?"

"Ni mimi, Bi Mkubwa."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mdogo wangu alikuwa pembeni anafuta glasi. Kitambaa kikasimama.

Bi Mkubwa alipoondoka tu, akanijia. "Dada, ungepungukiwa nini kusema ni sisi?"

"Sisi nani?"

"Wewe na mimi."

"Wewe unaonja," nikamwambia. "Hata paka anaonja."

Akanitazama, kisha akacheka kidogo, akarudi kwenye glasi zake. Ningekuwa na akili siku ile ningekiogopa kile kicheko. Nilikuwa na shughuli, gome lilikuwa limeshaingia mtungini.

Na gome lenyewe lilikuwa geni. Muuza dawa za miti aliyenizoea alikuwa amehama, hili nilinunua kwa mwingine. Sikujua ni la upesi au la kujivuta. Nilimtegemea yeye kwa kila kitu.

"Vipi leo?" nikamwuliza asubuhi ya kwanza.

"Bado, dada. Kama maji ya kunawa."

Asubuhi nyingine. "Vipi?"

"Linajikongoja. Liache."

Na nyingine. "Haya, vipi? Jumamosi hiyo inakuja."

"Una haraka ya nini? Unataka yule bwana akawaambie watu kwamba tunauza juisi? Liache, nikikuambia toa, toa."

Nikaliacha. Nikamshukuru, Mungu wangu! Nikamwambia, bila wewe ningekuwa wapi. Harufu ilikuwa nzuri. Rangi ilikuwa nzuri, ingawa sukari iliyoungua inaficha kila kitu. Mama alinipigia simu kuuliza kama mwenzangu anafanya kazi vizuri, nikasema mama, huyu ndiye mkono wangu wa kulia.

Jumamosi asubuhi akaonja, akanigeukia, akashika sikio.

Nikachuja.

Mgeni alifika kabla ya chakula cha mchana. Mtu mrefu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na hakuishusha hata aliposoma kadi ya vinywaji. Nikampa jina hapo hapo: Bwana Miwani. Bi Mkubwa akakaa naye kwenye viti virefu vya kaunta, mimi upande wa pili na aproni iliyopigwa pasi mpaka kwenye kamba.

"Huyu ndiye," akasema Bi Mkubwa. "Fundi mwenyewe."

"Nimesikia habari zako," akasema Bwana Miwani. "Nipe kitupu kwanza. Kokteli baadaye. Nataka niujue ukiwa peke yake."

Nikaweka barafu, nikamimina, nikakamua ganda la chungwa juu yake. Nikausogeza mbele yake kwa vidole viwili, kwa madaha.

Akapiga funda.

Jamani, sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifanya vile. Midomo ilijikunja, macho yakamtoka pima, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaona chungu cha maua, akatema humo humo.

"Mama!" akasema alipopata sauti. "Hiki ni kinywaji, au ni dawa ya kumwachishia mtoto ziwa?"

Bi Mkubwa akaichukua glasi, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Machozi yakamlengalenga.

"Umetia nini humu?" akaniuliza.

Nikaiwahi glasi, nikanywa iliyobaki yote. Nikasikia utamu, chungwa, mdalasini. Raha tupu.

"Mbona uko sawa?" nikasema.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi mwenyewe. Bi Mkubwa akanitazama kama nimekunywa mafuta ya taa mbele yake na kuyasifia. Nikageuka kumtafuta mdogo wangu anisaidie kwa ishara yoyote, sikio, shingo, hata kisigino.

Hakunitazama. Alikuwa ameinama kwenye friji ya chini.

"Samahani, Bi Mkubwa," akasema akiinuka na chupa iliyofungwa kwa kitambaa. "Mimi nami ninao wangu. Mgeni akiwa radhi."

Wake!

Bwana Miwani akasita, ulimi wake ulikuwa umeshapata kipigo. Akaonja tone. Akaonja tena. Kisha akaishusha ile miwani kutoka pajini, akaivaa machoni, akaitazama glasi kwenye mwanga.

"Huu ndio niliosimuliwa," akasema. "Huu hasa. Umeutengeneza wewe?"

"Ndiyo."

Harufu ikanifikia. Chungwa langu. Mdalasini wangu. Sukari yangu niliyoiunguza mpaka nikababuka kidole. Mtungi ulikuwa mmoja, nyie! Siku mvinyo ulipofika pake alijaza chupa yake, akaificha kwenye baridi, akaliacha gome liendelee kuua uliobaki. Na kila asubuhi ananiambia bado, bado, kama maji ya kunawa.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. "Nafuata barafu," nikasema, na barafu ilikuwa tele mbele yangu. Nikamkamata kwa kamba ya aproni, nikamvuta mpaka stoo.

Nikasukuma mlango kwa mguu.

"Mwizi wewe!"

"Usinipigie kelele."

"Mwizi! Nimekutoa kwenye mashuka ya watu, nimekuvalisha aproni, nimekufundisha kushika kopo la kutikisia, leo unanizunguka? Mimi? Mama akisikia?"

"Mama anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua nakuonjea tangu homa yako. Nilimwambia siku ile ya paka." Sauti yake ilikuwa chini, wala hakutetemeka. "Nilikuomba neno moja tu, dada. Sisi. Sikukuomba cheo wala nyumba ya mtu. Ukaniita paka."

"Basi ndiyo uniharibie mtungi mzima? Unidhalilishe mbele ya mgeni?"

"Ungejua umeharibika kama ungekuwa na ulimi."

Mkono wangu uliinuka wenyewe. Uliishia kwenye kreti la soda, nikalipiga kofi, chupa zikalia zote. Kiganja kilinivimba siku nzima, na heri kreti kuliko shavu lake, maana ningempiga nisingeacha.

"Sikia," akasema. "Pale nje naweza kusema neno moja tu na umekwisha. Dada yangu hasikii uchungu. Basi. Sijalisema. Nimetoa chupa tu."

"Asante sana! Nikupigie magoti?"

"Twende tukawaambie ni wetu wote. Sasa hivi. Nitasema gome lilisahaulika kwa bahati mbaya."

Hebu niambieni, wasomaji, nyie mngefanya nini? Mtu amekuchoma kisu, halafu anakuambia njoo tukishike kwa pamoja. Nikamwambia maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapa, nikarudi kaunta.

Nikamkuta Bwana Miwani anamwelekeza mhudumu: "Huo wa kwanza umwage kwenye sinki."

"Usiuguse!" nikafoka.

Mhudumu akaruka nyuma. Bi Mkubwa akafungua mdomo, mimi sikumpa nafasi.

"Bwana, ulisema kitupu kwanza na kokteli baadaye. Hiyo baadaye ndiyo sasa. Kaa."

Akakaa. Nadhani alikaa kwa woga.

Nikachukua kopo la kutikisia, nikalijaza barafu. Nikatia juisi ya chungwa, mvinyo mwekundu ule mtamu, ndimu kidogo. Halafu nikachukua ule mvinyo wangu uliouawa, nikatia kijiko kimoja tu. Mkono wangu unajua kupima hata kama ulimi umelala. Kinachochukiza kwa glasi nzima, kwa kijiko kinaipa kokteli mgongo. Nikatikisa mpaka kopo likanata viganjani kwa baridi. Nikachuja kwenye glasi ndefu, nikamalizia na soda.

"Kunywa."

Akanusa kwanza, maskini. Akanywa kidogo, akatulia. Akanywa tena, mara hii hakuiweka chini.

"Ni ule ule?" akauliza. "Ule ulionitemesha?"

"Ule ule."

"Nani alikufundisha hii?"

"Hasira."

Akacheka mpaka viti vya jirani vikageuka. Akampa Bi Mkubwa aonje, Bi Mkubwa naye akaonja, mabega yakamshuka. Nikapumua. Nikamtazama mdogo wangu aliyekuwa amesimama mlangoni mwa stoo, nikamwambia kwa macho: umekwisha wewe.

Kumbe nilijisifu mapema.

"Sasa mmenichanganya," akasema Bwana Miwani. "Huyu ana chupa nzuri. Huyu ana mkono mzuri. Na nyumba nitakayojenga itakuwa na mkuu mmoja. Mtungi ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

Mdogo wangu akatoka mlangoni, akaja kaunta.

"Basi tufanye jambo dogo." Akachukua chupa mbili, ya mdogo wangu na yangu, na glasi mbili zinazofanana. Akaenda nazo nyuma ya rafu ili tusione, akarudi na glasi zimejaa nusu, rangi moja, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto. "Moja ina mvinyo mzuri, moja ina wenye uchungu uliopitiliza. Najua kila mtu anaweza kuzitofautisha, hata mlinzi wa getini. Sitaki kuwapa mtihani. Nataka kumsikia kila mmoja akiuelezea mvinyo. Aliyeutengeneza ataongea kama mzazi. Mdogo mtu aanze."

Hata mlinzi wa getini! Ndiyo, mlinzi wa getini angejua, na mpita njia angejua. Mtu mmoja tu katika hoteli nzima asingejua, naye alikuwa amevaa aproni yenye pasi.

Mdogo wangu akaonja hii, akaonja ile, akamsogelea Bwana Miwani akamnong'oneza sikioni kwa kirefu. Bwana Miwani akatikisa kichwa polepole, ameridhika. Kisha mdogo wangu akarudi nyuma, akasimama nyuma ya bega la mgeni, uso wake umenielekea mimi peke yangu.

"Haya, mkubwa mtu," akasema Bwana Miwani.

Nikainua ya kulia. Chungwa, mdalasini, utamu. Nikainua ya kushoto. Chungwa, mdalasini, utamu. Nikanusa kulia, nikanusa kushoto. Zilikuwa pacha. Nikajaribu kuusikia hata ukali kidogo kwenye koo, kwenye pua, popote. Wapi!

"Huna haraka," akasema.

Nikarudia ya kulia, sasa naomba Mungu. Nikainua macho.

Mdogo wangu alikuwa ameshika sikio.

Hakulishika kwa mchezo. Alilishika kwa vidole vyote, analivuta, macho amenikazia, kana kwamba anataka kuling'oa anipe. Ya kulia ndiyo nzuri. Hicho ndicho alichokuwa akiniambia.

Sikio lile lile! Asubuhi ya siku ile ile, sikio lile lile lilinituma kuchuja sumu na kuipeleka kwa mgeni. Sasa limekuwa la kunihurumia? Nikaona mchezo wote: anataka niseme kulia, niaibike mara ya pili, mara hii bila kijiko cha kuniokoa. Nikikosea kitu ambacho mlinzi hawezi kukosea, kwisha habari yangu.

Nikaitua ya kulia kwa nguvu, mvinyo ukaruka ukalowesha kaunta. Nikaishika ya kushoto, nikaiinua juu.

"Huu ndio mtoto wangu," nikasema, na sauti yangu ilijaza ukumbi. "Huu ndio uliotoka kwenye gome kwa wakati wake. Uchungu wake unaingia polepole, unakaa kidogo, unaondoka kwa adabu. Huo mwingine ni wa kumwaga."

Nikaongea kama mzazi. Nikaongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea katika maisha yangu.

Bwana Miwani akaivua miwani kabisa, akaishika mkononi. Hakucheka. Bi Mkubwa akaichukua ile glasi ya kushoto mkononi mwangu, akaigusisha midomoni, akaikunja midomo na kuirudisha kaunta taratibu.

Nikamgeukia mdogo wangu nikitegemea kukuta kile kicheko chake kidogo.

Alikuwa analia. Mkono bado uko sikioni.

"Dada!" akasema kwa sauti, mbele ya Bi Mkubwa, mbele ya mgeni, mbele ya wahudumu wote. "Safari hii nilikuambia kweli!"

Kisha akauona mkono wake ulipo, akaushusha upesi. Alikuwa amechelewa.

Bangili za Bi Mkubwa ziligonga kaunta. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akalitazama lile sikio.

"Alikuambia nini?" akaniuliza. "Na tangu lini?"